Mwaka Salome Aliponipita

Mwezi uliopita tuliitwa Musoma, mafundi wa kompyuta wa hospitali, vyuo na shule za mkoa mzima, kwa mafunzo ya siku mbili ya usalama wa mitandao. Nilikaa mstari wa tatu karibu na dirisha. Mwezeshaji kutoka Dar es Salaam alichelewa kidogo, na alipoingia, amenenepa kuliko nilivyomkumbuka, amevaa gauni la kitenge na viatu vya chini, sikuhitaji kutajiwa jina. Alikuwa Salome. Mratibu akaanza kusoma vyeti vyake vya mitandao: ngazi ya kwanza, ya pili, kisha ile ya juu kabisa ambayo mimi huiona tu kwenye matangazo ya kazi. Ukumbi ukapiga makofi, nami nikapiga. Nina miaka arobaini na nne. Nina kazi ya heshima hospitalini Tarime, nina watoto wawili wanaonisikiliza ninaposema, na nilikuwa nimekaa pale namwonea mtu wivu kana kwamba bado tunalala chumba kimoja.

Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya stendi ya Tarime, kwa Mama Wankuru. Vitanda viwili vya futi tatu, meza moja, jiko la mkaa tulilolitoa nje asubuhi na kuliingiza mvua ikianza. Ukuta uliotutenga na jiko la Mama Wankuru ulikuwa wa mabati nusu yake, kwa hiyo tulijua anapika nini na anamsema nani. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mzaliwa wa kijiji cha Itiryo, nina stashahada ya kompyuta kutoka Mwanza, na nilifanya kazi katika duka la intaneti la Mwalimu Magesa, mstaafu aliyeweka kompyuta nane kwenye chumba kilichokuwa zamani duka la nguo. Mimi ndiye niliyekuwa fundi. Watu wakija na shida, Mwalimu alikuwa anaelekeza kidole: “Nenda kwa Bhoke.” Nilikipenda kile kidole kuliko nilivyopenda mshahara.

Salome alikuja mwaka ule mvua za kwanza zilipoanza. Alikuwa wa Singida, amemfuata kaka yake machimboni kumpikia yeye na wenzake, na kaka alipohamia machimbo mengine hakumwambia anakwenda wapi. Mwalimu alimwajiri kutoa fotokopi. Kwa kuwa hakuwa na pa kulala, nikamkaribisha chumbani kwangu, na kusema kweli nilijisikia mkubwa sana siku ile. Alikuwa na kidato cha nne tu. Aliniita dada Bhoke. Mimi ndiye niliyemfundisha kushika kompyuta, mimi ndiye niliyemwonyesha nyaya nane ndogo zilizomo ndani ya kebo ya mtandao na mpangilio wake: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, hadi ya mwisho. Alikuwa akiziimba huku anakaanga dagaa. Mama Wankuru akauliza ng'ambo ya mabati, “Huo ni wimbo wa kwenu Singida?” Tukacheka mpaka dagaa wakaungua.

Wakati huo nilikuwa najiandaa kwa mtihani wa cheti cha mitandao, ule unaotungwa na kampuni za nje na kufanyiwa kwenye kompyuta, Mwanza. Nilikuwa nimeshaufanya mara moja nikafeli. Watu wasioujua hudhani ni mtihani kama mingine. Unaingia, unapigwa picha, unapewa karatasi ya plastiki na kalamu ya kufutika, na kuanzia hapo uko peke yako na saa inayorudi nyuma kwenye kona ya kioo. Ukishajibu swali huwezi kulirudia. Unaletewa mtandao ulioharibika, unaambiwa utengeneze, na dakika zinakwenda. Kitabu chake kilikuwa kinene kama matofali mawili, chote Kiingereza, na mimi nilikisoma kama nilivyosoma maisha yangu yote: nilikariri. Niliweza kusema kurasa nzima nimefumba macho. Ndiyo maana kufeli kuliniuma, nikajiambia kwamba mtihani umetegwa ili watu wa kwetu wasipite.

Siku moja Salome alikichukua kitabu akakaa nacho mlangoni, mahali palipokuwa na mwanga. Nikamwambia hicho si cha fotokopi. Akasema, “Najua, dada. Naangalia tu.” Baada ya wiki moja pembezoni mwa kurasa zangu kulikuwa na Kiswahili, kwa penseli, mwandiko mdogo ulioinama. Halafu maswali yakaanza. Hakuwahi kuniuliza kitu ni nini. Aliniuliza kwa nini. Kwa nini kompyuta mbili zilizo meza moja zinashindwa kuonana mpaka zipitie kwenye ruta? Kwa nini anwani zinagawanywa kwa mbili, kwa nne, kwa nane, si kwa tatu? Nilimjibu kwa maneno ya kitabu, naye alitikisa kichwa kwa adabu, kisha nikamwona ametandika mkeka, amehesabu maharage sitini na manne, anayagawa mafungu, anaweka harage la kwanza na la mwisho la kila fungu pembeni kwa sababu anwani hizo mbili hazipewi kompyuta yoyote. Alikaa juu ya mkeka ule tangu tulipotoka kanisani hadi saa kumi. Aliponyanyuka alisema, “Nimeelewa,” akayaosha maharage akayabandika jikoni. Yale maharage tulikula pamoja na ugali wa muhogo na mtama, na mimi sikuweza kuyameza vizuri, kwa sababu nilikuwa nimekaa kitandani muda wote nikijifanya nasoma, na nilikuwa nimeelewa pia, kwa mara ya kwanza, kutoka kwenye mkeka wake.

Wivu haukuja kwa kishindo. Nilianza kuhesabu kurasa anazofungua. Akisoma alfajiri nilikohoa. Mwalimu aliponunua ruta mbili za mitumba ili tujifunzie, nilizikalia mimi, nikasema ni nyeti. Jioni moja nikamsikia Mama Wankuru akimwambia mumewe ng'ambo ya mabati, kwa Kikurya, akidhani nimetoka: yule mgeni ana kichwa, huyu wetu wa Itiryo ana makaratasi tu. Mumewe akacheka. Salome alikuwa ameketi mbele yangu anachambua mchele, haelewi neno hata moja, akaniuliza, “Wanasemaje?” Nikamwambia wanazungumzia bei ya ng'ombe.

Naye akataka kujaribu mtihani, tukaenda Mwanza pamoja. Ada ya mtihani ilikuwa mzigo kwetu wote wawili, ila Mwalimu alimsaidia yeye sehemu, kwa kuwa mshahara wake ulikuwa mdogo, na hilo nalo niliandika moyoni. Tulikaa chumba kimoja cha mtihani, yeye kompyuta ya ukutani, mimi ya dirishani. Nilifeli tena. Matokeo yanakuja hapohapo, kabla hujanyanyuka kwenye kiti. Nikatoka nje nikamkuta ameshatoka, amekaa ngazini, amekunja karatasi yake ndogondogo na kuiingiza kwenye mfuko wa sketi. “Maswali yalikuwa mabaya,” akasema. Nikamuuliza amepata au amekosa. Akatazama chini. “Nimepita kwa bahati tu, dada.” Tukaenda kula wali na sato, na njia nzima aliongea kuhusu samaki, jinsi sato wa Mwanza alivyo na minofu, ili nisilazimike kuongea. Angejigamba ningemchukia kwa raha. Alinihurumia, na huruma ile nilikula nayo kila mfupa.

Tuliporudi, kidole cha Mwalimu kilihama. Hakufanya kwa ubaya. Alikiweka cheti cha Salome kwenye fremu ukutani, juu ya mashine ya fotokopi, na wateja walioingia wakauliza, “Mwenye cheti yuko?” Nilikuwa nimesimama palepale, mkononi nina bisibisi.

Haukupita muda mrefu, kambi moja ya watalii kule Robanda, ukingoni mwa hifadhi, ikatangaza nafasi ya fundi wa mtandao. Tangazo lilisema mwombaji lazima awe na kile cheti. Salome akaniomba nimwandikie barua kwa sababu Kiingereza changu kilikuwa kizuri zaidi. Nikaiandika, tena vizuri. Sijui kwa nini niliiandika vizuri. Wakamjibu aende Ijumaa kwa usaili. Lakini Jumatatu, Salome ametoka kupeleka karatasi halmashauri, simu ya duka ikalia. Mwanaume mwenye Kiswahili cha Kenya, upande wa pili wa mpaka wa Sirari, akasema, “Hallo, naeza ongea na Salome?” Nikasema ametoka. “Basi mwambie hiyo interview tumeivuta mpaka Jumatano. Ijumaa mabosi watakuwa hapa. Si utamwambia?” Nikasema, “Nitamwambia.”

Sikumwambia. Jumatatu jioni nilikuwa na nafasi, tulikuwa tunamenya ndizi pamoja. Jumanne nilikuwa na nafasi, alikuwa anapiga pasi blauzi yake ya Ijumaa. Nilijiambia nitamwambia asubuhi. Asubuhi nikamwambia shangazi anaumwa, naenda Itiryo. Nikapanda basi la Mugumu, na Mugumu nikachukua pikipiki hadi Robanda, nikipita kwenye mashamba ya mahindi ambayo tembo walikuwa wameyalaza usiku wa kuamkia siku hiyo, wenye mashamba wamesimama katikati wakiangalia bila kusema. Hata mpaka pale nilikuwa sijaamua ninakwenda kufanya nini. Nilidhani labda nitawaeleza kwamba mimi ndiye niliyemfundisha.

Getini mlinzi alikuwa na karatasi. “Wewe ndiye Salome?”

Nikasema ndiyo.

Meneja, yule wa kwenye simu, jina lake Otieno, alikuwa mtu mrefu mwenye haraka. Sikupewa hata maji. “Cheti nitaona baadaye. Hii network imetusumbua tangu jana, ofisi nzima hatuwezi kupokea booking hata moja. Hebu tengeneza, hiyo ndiyo itakuwa interview.” Akaniweka kwenye chumba kidogo chenye kabati la vyuma, ndani yake swichi, kile kisanduku cha matundu kinachounganisha kompyuta zote, na nyaya za bluu. Nikashika nilichokijua. Nilikagua kebo, nikakata vichwa viwili vilivyochakaa nikabana vipya. Taa zote ziliwaka kijani. Intaneti haikurudi. Nikazima ruta nikaiwasha. Haikurudi. Nikaanza kuzisoma kurasa za kitabu kichwani, zote zilikuwapo, mstari kwa mstari, na hakuna hata moja iliyoniambia nifanye nini. Otieno alichungulia mara ya kwanza, mara ya pili. Mara ya tatu alisimama mlangoni na saa yake. Nikasema naomba nipige simu moja.

Salome alipokea haraka. “Dada! Shangazi anaendeleaje?”

“Salome,” nikasema, “niko Robanda.”

Nilisikia mashine ya fotokopi ikiendelea kufanya kazi nyuma yake, kisha ikanyamaza. Halafu akasema, kwa sauti ya mtu anayehesabu, “Wana shida gani?”

Nikamweleza. Akaniambia nifungue kompyuta ya ofisi nimsomee anwani yake. Nikamsomea. “Na anwani ya ruta yao?” Nikamsomea. Akasema, “Hazifanani hata mwanzo. Hiyo kompyuta haijapewa anwani na ruta yao. Kuna kifaa kingine humo ndani kinagawa anwani za kwake. Kitafute.” Nikamuuliza kambi nzima hii nakitafuta wapi. “Hutembei, Bhoke. Unaiuliza swichi.” Hapo ndipo niligundua lile neno ‘dada’ limeondoka. Akanisomea amri za kuandika, neno moja moja, nami nikaziandika. Zilikuwa amri nilizozikariri miaka miwili, sikuwahi kujua ni za kazi hii. Swichi ikajibu kwamba kifaa kile kiko tundu la kumi na saba. Nikaifuata kebo ya kumi na saba kwa mkono, ikatoboa ukuta, ikapita juu ya dari ya stoo, ikateremka jikoni nyuma ya friji. Palikuwa na kisanduku cheupe cha intaneti, mpishi alikinunua Mugumu ili wenzake wapate mtandao kwenye simu. Nikakichomoa. Ofisini watu wakashangilia.

“Imerudi, Salome,” nikasema kwenye simu.

Otieno alikuwa nyuma yangu. “Unaongea na Salome? Na wewe ni nani?”

Mpishi, akiwa na kisu na kitunguu mkononi, aliniangalia. Nikasema jina langu. Nikasema ile simu ya Jumatatu niliipokea mimi. Nilitamani Otieno anifokee. Alinyoosha mkono tu, nikampa simu yangu, akaongea nayo akitembea huku na huku uani. “Kesho? Sawa, kuja kesho. Hapana, hakuna interview, umeshafanya.” Aliporudisha simu alimwambia mpishi, “Mpe huyu chakula, ametoka mbali.” Nikakalishwa kwenye benchi la wafanyakazi nikapewa wali na nyama ya mbuzi, sahani imejaa. Nilikula nikitazamwa na watu waliokuwa wameshaambiwa mimi ni nani. Sijawahi kula chakula kitamu kikanishinda hivyo.

Nilipofika chumbani Tarime usiku ulikuwa umeshaingia. Salome alikuwa ameshapika na ameshafunga begi. Tukanawa, tukala. Akauliza, “Ulisema ndiwe mimi?”

“Ndiyo.”

“Wangetaka cheti ungetoa kipi?”

“Sijui.”

Akamega ugali, akauacha mkononi. “Ungesema nikufundishe, ningekufundisha. Wewe si ulinifundisha?” Ningemjibu ukweli, ningesema kwamba kumwomba anifundishe ndilo jambo pekee ambalo nisingeliweza. Asubuhi aliondoka, akaniachia kitabu.

Ningependa kuandika kwamba nilitubu. Nilichofanya ni kusoma, na nilisoma kwa hasira. Nilisoma maelezo yake ya penseli kwanza, kisha Kiingereza. Kila amri niliyoijua kwa moyo niliiuliza kwa nini. Ruta zile mbili za mitumba niliziharibu kwa makusudi na kuzitengeneza, umeme ukikatika nilichora mtandao kwenye boksi la karatasi za fotokopi. Mwalimu Magesa, niliyemweleza yote mwenyewe kabla hajayasikia kwa wengine, hakunifukuza, alisema tu, “Kazi ile aliipata kwa kichwa. Kitafute cha kwako.” Mwalimu alikuwa hivyo, alikuwa anakukata huku anakusaidia. Mwisho wa mwaka nikarudi Mwanza. Swali la kumi na kitu lilikuwa mtandao ambao kompyuta zake zimepewa anwani zisizo zao, na nikajikuta nacheka peke yangu mpaka msimamizi akaniangalia. Nilipita.

Nilimpigia Salome nikiwa bado ngazini. Hatukuwa tumeongea tangu aondoke. Akapokea, akanisalimu vizuri. Nikamwambia nimepita. “Alama ngapi?” akauliza. Nikamtajia: mia tisa thelathini na moja kwa elfu. “Hongera,” akasema, na simu ikakatika. Nikalaumu mtandao wa Robanda. Nikajaribu tena, haikupokelewa. Nikaona ni haki yangu kutopokelewa, nikaacha. Cheti kile ndicho kilichonipeleka hospitalini, na ninachokifanya pale mpaka leo, vipimo vinapokwama kati ya maabara na daktari na mimi nikaanza chini, kwenye kebo, nikipanda hatua kwa hatua bila kubahatisha, nilijifunza mwaka ule. Cheti chenyewe kiliisha muda baada ya miaka mitatu. Nilikihuisha mara moja, halafu watoto, halafu kazi, nikakiacha.

Basi Musoma, wakati wa chakula cha mchana, Salome alikuja na sahani yake akakaa mbele yangu bila kuuliza kama pana mtu. Tukaulizana watoto, tukamkumbuka Mwalimu Magesa, maana ametangulia mbele ya haki. Kisha nikaweka kijiko chini nikamwambia jambo nililokuwa nalo miaka yote ile: kwamba ile simu ya Otieno niliificha kwa kukusudia, na kwamba naomba anisamehe.

“Ile?” akasema. “Ile nilikusamehe ukiwa bado kwenye kabati la nyaya. Nilisikia unavyopumua.” Akatafuna, akameza. “Ambacho sijakusamehe ni alama zako.”

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania.

“Mia tisa thelathini na moja,” akasema. “Mimi nilipata mia nane sabini. Nilipokukatia simu nilikwenda kukaa nyuma ya tangi la maji nikalia kama mtoto. Kesho yake nikaanza kusomea ngazi ya pili. Nilitaka mtihani mmoja tu ambao nitakupita mpaka usinifikie. Nilipopita nikauliza watu wa Tarime, wakasema hujaufanya. Nikafanya wa juu yake. Nikauliza tena, hujaufanya.” Akanikazia macho, na yalikuwa macho niliyoyafahamu, maana nilikuwa nayo mwaka mzima kwenye kile chumba. “Kwa nini hukufanya, Bhoke?”

Nikamwambia sikujua kuwa kuna mtu ananisubiri. Akacheka hapo, kwa mara ya kwanza, mkono mdomoni. Nikacheka nami. Nilikuwa na furaha ambayo si nzuri kuielezea. Miaka yote ile nilikuwa nimemkaa kooni na sikujua.

“Ngazi ya pili ulipata ngapi?” nikamuuliza.

Akanitajia. Watu wakaanza kurudi ukumbini, naye akaondoka kwenda kuandaa somo. Mimi nikabaki pale mezani nikatoa simu, nikatafuta tarehe za mtihani wa ngazi ya pili Mwanza. Nimejiandikisha wa mwezi wa tisa.